Jicho Kavu

Alfajiri Thankamani hulala chali,
samli imeyeyushwa machoni,
ajifunze kuzungusha mboni
pasipo shingo kujua.
Miaka sita Thrissur kwa mwalimu Achuthan;
mwaka mzima ulikwisha kwa nyusi.

Siku ya kumi na saba baada ya kumchoma mama yake
alicheza mjane, akalia kweli,
wanja ukachuruzika hadi kidevuni.
Watu walitazama vidole vya miguu yao.

"Umepika," mwalimu alisema, akilegeza ngozi ya ngoma,
"ukala mwenyewe jikoni.
Ladha nane walizohesabu wazee wa Kisanskriti,
hata moja si yako.
Yako ni moto na chumvi."

Usiku huu taa ina tambi tatu,
watazamaji wanne, mmoja kasinzia.
Anainua kiganja kama anayekingia maji,
anakisahau hapohapo.
Mboni zinashuka, polepole,
zikifuata kitu kinachozama.

Nyuma ya nguzo mpishi wa hekalu,
aliyefuata sufuria yake tu,
anajifuta uso kwa pindo la nguo.

Pilipili, anasema.
Hakuna aliyemuuliza.