Shubiri Hana Ufunguo

Pikipiki niliijua.
Petroli ya elfu tano, teke moja, tayari.
Ukiitukana hainuni,
ukiisahau mvuani siku tatu
inaamka na kikohozi tu.
Mpaka lori la mchanga lilipokuja upande wangu
pale Rangi Tatu.

Goti lilipona kabla yangu mimi.

Nikavuka kwenda Kibada kuzoa mavi ya farasi,
kazi isiyo na honi.
Banda la mwisho, karibu na tangi la maji,
ndimo alimokuwa: jike, mwekundu wa chai iliyochemka mno,
usoni chokaa kama aliyegombana na mpaka rangi.
Shubiri.
Jina hilo hakupewa bure, wakaniambia.
Kuna tajiri alimmwaga kwenye michongoma
na miwani yake haijaonekana mpaka leo.

Mwalimu Theopista alinipa brashi.
"Wiki nzima usimpande," akasema,
"na usimwombe kitu."

Siku ya kwanza nilipiga brashi hewa.
Ya pili sitaki kuisimulia.
Ya tano, nyuma ya ua wa mabati,
ikapita bodaboda yenye ekzosi iliyotoboka:
pa-pa-pa-pa!
Tukaruka sote wawili,
yeye kushoto, mimi kulia,
ndoo ya pumba ikabingirika katikati peke yake.

Tukatazamana.
Sijawahi kutazamwa hivyo
na kiumbe asiyeuliza nauli.
"Na wewe pia?" nikamwambia.
Sikio moja likanigeukia.
La pili likabaki barabarani.

Nilipompanda nilishika hatamu
kama anayeshika breki mteremkoni.
"Hizo si waya," Theopista akapaza sauti,
"mwisho wake kuna mdomo!
Ulimi wako unasema twende,
magoti yako yanasema tumekufa.
Sasa yeye amsikilize nani?"

Nikajifunza kupumua, mtu mzima na ndevu zangu.
Nikajifunza kukaa kitako bila kukalia hofu,
kuomba kwa ndama ya mguu,
kushukuru kwa kulegeza kidole kimoja.
Alipokubali kwenda telki mzunguko mzima
nililia kidogo. Nikasingizia vumbi.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini hiki changu kilikuwa na tundu:
turubai moja la bluu la muuza chipsi
likipigwa na upepo wa saa kumi
lilimwaga wiki tatu zote chini,
pamoja na mimi.
Nikaokota kofia. Nikaokota hatamu.
Tukaanza tena kwenye brashi.

Kisha masika.
Njia ya nyuma ikashika dimbwi
pana kama uwanja wa chandimu,
jeusi, halina chini.
Shubiri akasimama. Ngozi ya bega ikacheza.
Mimi wa zamani ningesokota mkono, ningeongeza moto.
Nikashuka.
Nikavua viatu, nikavifunga shingoni kwa kamba zake,
nikaingia.
Maji ya ndama, kisha ya goti,
lile goti, likanikumbusha jina lake.
Sikuvuta. Sikuita.
Nilisimama katikati kama mtu anayesubiri chenji.

Kimya kikakaa. Chura mmoja akasema lake.
Halafu chubwi.
Halafu nyingine, chubwi,
na pumzi ya moto ikatua kisogoni
yenye harufu ya majani makavu,
na hatamu mkononi mwangu
bado imelegea, inaogelea.

Hapo ndipo ilipopita, ng'ambo ya ua,
ile ile ekzosi mbovu:
pa-pa-pa-pa!

Tulishtuka, nisikudanganye.
Maji yaliruka mpaka kwenye nyusi zangu.
Ila safari hii
tulirukia upande mmoja.