Kutwa Mara Tatu

Bahasha ya dawa imeandikwa kwa kalamu ya bluu:
kutwa mara tatu.
Nimeigeuza mbele na nyuma
nikitafuta walipomwandikia mtu wa kucha.

Kutwa mimi nalala.
Pazia nimelibana kwa pini, Igogo nzima inanguruma nje,
msumeno wa fundi, redio ya jirani,
nami ndani naota minofu.
Kucha ndiyo nasimama:
buti nyeupe, aproni, kofia ya wavu,
na kisu kinachomjua sangara
kuliko ninavyomjua mume wangu.

Ijumaa mwiba wa pezi ulipenya chini ya ukucha.
Jumapili kidole kilikuwa nyanya,
kinapwita chenyewe, kina moyo wake.

Nyabise wa duka la dawa aliisoma bahasha,
akanisoma na mimi macho.
"Kazini unatoka saa ngapi?"
Saa moja asubuhi.
"Unaamka?"
Saa tisa, watoto wakirudi.
Akaifuta kutwa kwa mstari mmoja, akaandika:
saa mbili, saa kumi, saa sita.
"Kila baada ya saa nane. Tumbo halina dirisha, mama,
halijui kama nje kuna jua."

Siku mbili nikaenda sawasawa.
Ya tatu (niiite Jumanne usiku,
au usiku wa kuamkia Jumatano?)
lori lilikwama kivukoni Kamanga, likaingia limechelewa,
barafu nusu imeshakuwa maji,
na Lubango msimamizi akapiga makofi:
mapumziko yamesogezwa!
Saa sita ikanipita
kama mdeni wangu sokoni,
uso kaugeuzia upande wa pili.

Nilikumbuka nikisuuza kisu.
Saa ya ukutani: nane na robo.
Kidole ndani ya glavu
kilikuwa kimekumbuka zamani.

Mbuke wa meza ya pili ana jibu la kila kitu:
"Meza viwili. Deni hulipwa na riba."
Na Mbuke si mjinga,
ndiye aliyenifundisha kuvua samaki ngozi bila kumvua nyama.
Mwingine akasema, achana nayo, utaanza upya kesho.
Kesho ipi?
Kwetu kesho hufika tukiwa tumeshika visu.

Hapo nikamsikia Nyabise, kama vile yuko nyuma ya mizani:
"Ukisahau, kimeze pale ukumbukapo.
Kama kinachofuata kimeshakaribia, kilichopita kiache kipite,
usikikimbize.
Viwili kwa mpigo, hapana.
Dawa si mshahara wa kiwandani,
haina malimbikizo."

Nikahesabu kimoyomoyo, samaki mmoja, samaki wa pili.
Tangu saa sita, saa mbili na robo.
Hadi saa mbili asubuhi, karibu sita.
Basi bado saa ni yake.

Kuvua glavu, kuvua aproni,
kufungua kabati:
dakika kumi kwa kidonge kimoja cha rangi mbili.
Lubango akaziandika kwenye daftari lake. Aandike.
Ndani ya kabati simu ilikuwa na kengele niliyoitega mwenyewe.
Saa sita kamili ililia,
ikayalilia viatu na mkoba,
maana ndani kwa samaki simu hairuhusiwi.

Nikakimeza na maji ya uvuguvugu, nimesimama dirishani.
Ilikuwa giza la mwezi, ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa,
mji mzima usio na barabara.
Nikawaza: kule naye yupo mmoja
mwenye bahasha mfukoni,
imelowa, imeandikwa kutwa.

Vimebaki kumi na tatu.
Sasa Mbuke ndiye kengele yangu.
Ikifika saa sita ananichoma kiwiko ubavuni,
sauti juu, meza zote zisikie:
"Wewe wa kutwa! Mara ya tatu hiyo!"