Basi Tu

Saa kumi na moja alfajiri, stendi ya Tabora,
basi halijawashwa, mimi nimeshafika.
Nalizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe:
tairi, taa, kovu la ubavuni
lilipokwaruzwa na lori la tumbaku Urambo.
Tarehe ninayo, niliiandika.

"Kigoma kwa nani?" konda Lugusha huniuliza,
na kila safari nampa jibu lilelile:
"Basi tu."
Hucheka. Hajui nimemjibu mara mbili.

Sina mgonjwa Ujiji, sina deni la mawese,
sina mchumba. Nashona sare za shule pale Ng'ambo,
nikipata siku mbili na nauli
nakwenda kukaa ndani ya mwendo.

Kiti changu namba mbili, mbele, karibu na mlango,
barabara inapomezwa miguuni pako.
Nilikilipia tangu Jumanne.
Kaliua akapanda mama, mtoto mgongoni,
ndimu puani, uso rangi ya majivu:
"Kaka, kule nyuma moyo unanichafuka."
Nikampisha. Si kwa wema, kwa macho ya watu.
Nikanuna hadi Chagu.

Kiti cha mwisho, katikati, dirisha hakuna,
gunia la karanga magotini,
injini chini ya makalio.
Nikafumba macho kwa hasira
na hapo ndipo nikasikia.

Bigirwa, dereva niliyemtazama mikono miaka sita,
sikuwahi kuusikia mguu wake.
Gia ya tano; kimya, kama mtu anameza mate; ya nne,
na filimbi ya tabo ikapanda, nyembamba,
birika lililosahauliwa jikoni.
Kabla ya matuta hulegeza mapema mno,
kana kwamba mtoto aliyelala ni wake.

Daraja la Malagarasi sikuliona.
Sauti ilipoteza ardhi,
ikawa tupu chini yetu, kisha ikarudi.
Uvinza niliijua kwa breki
na viganja vya wauza chumvi vikipiga bodi.

Tukiteremka Kigoma wote wakainuka kutazama ziwa.
Mimi nilibaki na gia ya pili,
inavyokataa kukimbia.

Masanga. Yule mama akanifuata hadi nyuma,
"Kaka, kiti chako kile," akasema,
basi limeshazimwa.
Nikakaa tena. Chuma kilikuwa kinapoa:
ta... ta-ta... ta.
Daftari langu halina mahali pa sauti,
nikachora mstari, ukapinda.

"Kesho unarudi? Namba mbili?"
"Nyuma kabisa, Lugusha. Katikati."
"Kule! Kuna nini kule?"

Nikamjibu kama kawaida.