Mteremko

Husema Newala ni tambarare juu ya mlima.
Wasemao hivyo hawajamiliki stata mbovu.
Mimi najua soko linainamia wapi,
najua benki ni sakafu, kwa hiyo siegeshi benki,
naegesha juu, kwa Binti Chikoti wa vitumbua,
pua ya pikapu ikitazama bondeni,
jiwe mbele ya tairi. Jiwe ni langu,
natembea nalo chini ya kiti kama wengine na mwavuli.
Hata pale Shimo la Mungu, wageni wakipiga picha za Ruvuma,
mimi nilipima tu: hapa lingewaka.

Ufunguo ukizunguka: tak.
Tak moja, kama komeo la mlango
wa mtu aliyekuona unakuja kukopa.
Taa zinawaka. Redio inasoma matangazo ya vifo.
Honi inalia hata usipoigusa.
Kila kitu humu kina umeme
isipokuwa kile kinachouhitaji.

Walisema betri. Nikauza mbuzi wawili, nikanunua betri.
Tak.
Wakasema waya wa ardhi umekula kutu,
tukaukwangua kwa wembe ukang'aa kama pete ya posa.
Tak.
Wakasema fyuzi, wakasema panya wa ghala la korosho,
shemeji Nampota akashusha sauti: hapa kuna mkono wa mtu.

Fundi Ngaweje hakusema kitu.
Alijilaza mchangani, akaigonga stata kwa mpini wa nyundo,
mara mbili, taratibu,
kama anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.
"Washa."
Likawaka.
"Brashi zimekwisha," akasema akijifuta.
"Vipande vya makaa tu, vinasuguliwa kila ukiwasha.
Gari lako halikufa siku moja, mama.
Hiyo nyundo itakufikisha mwezi. Kisha ununue nyingine."
Nyingine ni laki mbili na nusu.
Nyingine ni korosho ambazo bado ni maua.

Nyundo ikafika mwezi, ikachoka.
Nikajifunza kuomba mabega.
Vijana wa bodaboda kwa mia tano na utani usioandikika,
kidato cha pili bure, ila likiwaka wanaendelea kulikimbiza,
mke wa shehe mara moja, viatu mkononi.
Gia ya pili, klachi chini, ngoja, ngoja,
achia!

Na ile siku nimebeba mifuko kumi ya salfa,
limenizimikia kwenye barabara ya hospitali,
nikaona kiooni bega ninalolijua:
Ismaili Chitanda,
tuliyepelekana baraza la kata kwa mikorosho mitatu,
miaka sita bila hata "za asubuhi".
Hakusalimu. Alisukuma.
Nilipofika nyumbani, juu ya vumbi la salfa,
nyuma ya pikapu, palikuwa na viganja viwili.
Sikuviosha.
Vilioshwa na mvua ya Desemba, bila kuniuliza.

Mnada wa kwanza bei ikapanda, wa pili ikateleza,
pesa ya chama cha msingi ikaja Januari inakohoa.
Ilitosha. Stata mpya.
Sasa naliita, linaitika abee kabla sijamaliza.
Naegesha benki kama watu.
Jiwe nimelipa kazi ya kuzuia mlango wa banda la kuku.
Wiki tatu hakuna aliyenigusa gari.

Jana, mbele ya nyumba ya Chitanda,
mahali palipo bapa kuliko pote Newala,
nikazima. Mwenyewe. Nikapiga honi.
Alitoka na suruali imekunjwa, mikono ina unga wa muhogo,
akaweka viganja palepale.
Akasukuma. Halikusogea.
Akasukuma tena, nikasikia magoti yake.
Nikazungusha uso wangu uwe wa mtu mwenye shida.

Akaja dirishani.
Akachungulia ndani, akatazama chini kando ya kiti,
akanitazama mimi, muda mrefu.

"Somoe," akasema,
neno la kwanza tangu kesi,
"toa breki ya mkono."