Kadi Juani, Ahero

Mto Nyando uliingia ofisini bila hodi.
Ulipitia rafu ya chini, rejista, stakabadhi za karo,
kisha ukafika kwenye katoni ya biskuti
nilimoweka maswali ya miaka kumi na mmoja.

Benki, ndivyo tulivyoiita, mimi na marehemu Olang'o,
ingawa haikuwa na kufuli ila kamba ya katani.
Kila kadi swali moja. Mgongoni, kwa penseli:
mada, gredi, muhula lilipotumika,
wangapi katika mia walipata,
na kama waliopata ndio tuliowatarajia.
Hapo Olang'o hakuwa na huruma:
"Swali linalomwangusha hodari na kumpitisha mzembe
si gumu hilo. Ni bovu. Litoe."

Ndiye aliyenifunza kuandika majibu ya uongo.
La kweli huja lenyewe, alisema,
jasho liko kwenye yale matatu mengine.
Kila moja liwe kosa la mtu:
la aliyesahau kubeba moja,
la aliyezidisha palipotaka kugawa,
la aliyeona neno "jumla" akakimbia nalo.
Basi B ilikuwa ya Okeyo, na C ya Adongo,
na D, sikumwambia, ilikuwa yangu
tangu darasa la tano. Sijapona.

Maji yalipopwa niliomba pembe ya turubai
kwa Min Aluoch, aliyekuwa akianika mpunga.
Huku punje, huku kadi,
kila kadi na kokoto yake, upepo usije ukachagua.
Zilikuwa mia tatu na arobaini.
Biro ilikuwa imevumilia.
Wino wa Olang'o, ule wa kujaza kalamu
kama karani wa mkoloni, haukuvumilia.
Na shule tisa zilikuwa zikinisubiri
na mtihani wa pamoja, wiki mbili tu:
mepesi kumi, ya wastani kumi na matano,
matano ya kumtoa mtu kijasho.

Sikuwawazia walinzi wa mpunga,
watoto wanne na kopo la mawe, kazi yao kuamia ndege.
Niliporudi na chai
ndege walikuwa wakila kama wageni wa harusi,
na wale wanne wamechuchumaa upande wa kadi,
Aluoch kidole juu ya mia na ishirini na saba, akibishana:
"B ni ya mtu aliyesahau kubeba moja.
Tazama. Ongeza moja hapa, unapata A."

Mtihani umevuja, ningesema siku nyingine,
na ningekuwa nimesema kweli mara mbili.
Nilisimama na birika.
Katika miaka kumi na mmoja
hakuna mtoto aliyewahi kuniambia B ni ya nani.
Walinipa herufi tu. Nilihesabu herufi.

Chini ya kokoto ya mwisho palikuwa na kadi nyeupe,
wino wake umekwenda ziwani.
Penseli haikwenda. Mgongoni, mwandiko wa Olang'o:
*41 katika 100. Zuri sana. Litunzwe.*
Nililigeuza, nikaligeuza tena.
Sikumbuki lilikuwa likiuliza nini.

Nikampa Aluoch na biro.
"Andika swali."
"Na majibu ya uongo, mwalimu?"
"Matatu. Ya makosa unayoyajua wewe."
Akakaa kitako kwenye mpunga wa mama yake, akafikiri muda mrefu.

*Ndege arobaini wanakula punje sita kila dakika.
Mwalimu amekwenda kuchemsha chai.
Mpunga uliopungua ni wa kulipwa na nani?*

Min Aluoch hakuhitaji machaguo.
Nilimlipa gorogoro moja, iliyojaa hadi kumwagika.

Usiku, kwa taa ya koroboi, nilitoa kadi mia na nane
ambazo wale wanne walikuwa wamezisoma,
nikaanza kuandika nyingine. Mkono ulikuwa mzito.
Ile ya Aluoch niliirudisha katonini, mbele kabisa.
Sikufuta kitu. Chini ya maneno ya Olang'o
niliongeza langu, kwa penseli:
*Halijajaribiwa.*