Mkeka wa Kukalia

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni,
nyuma ya karakana ya Mringi pale Pasua,
tunasogeza mbao, tunafagia maranda,
tunatandika mkeka.

Mkeka kweli, wa ukindu,
ncha moja imeliwa na panya.
Nakijwa alikuja nao kutoka Same,
na siku alipoukunjua mara ya kwanza
tulicheka mpaka Anaeli akapaliwa,
maana kwetu sote humu
mkeka ulikuwa kitu kingine:
timu kumi na mbili, karatasi moja,
na dakika ya tisini na mbili
kijana wa nchi nisiyoijua
anapiga kichwa,
ada ya mwanangu inatoka nje.

Nilikuwa fundi cherehani, Kiboriloni.
Cherehani niliiuza.
Nikamwambia mke wangu ipo kwa fundi.
"Fundi gani," akauliza, "na fundi si wewe?"

Nikakopa kausha damu kulipa kausha damu.
Nikauza vitambaa vya sare za watoto wa watu,
mita kwa mita,
hadi Januari ikaja na wazazi wake mlangoni.

Hapa hatuhubiriani.
Anaeli, karani wa zamani wa ghala la kahawa,
anafungua daftari, anauliza:
"Leo siku ya ngapi?"
Ndiyo hotuba yote.

Nakijwa: mia mbili na nne.
Yeye alikula kikoba cha wanawake kumi na wanane.
Sasa anawalipa elfu mbilimbili, mlango kwa mlango,
na wapo wanaopokea hela
wasiitikie salamu.
Mringi: sitini.
Mimi nikasema kumi na tisa,
kwa sauti ya mtu anayedaiwa.
"Kumi na tisa!" akarudia Anaeli,
akaiandika kwa maneno, si kwa tarakimu,
kama hundi.

Namba ya siri ya simu yangu anayo yeye.
Hela ikiingia namfuata, ananitolea,
tunakwenda wote dukani kununua unga.
Mwanaume mzima, ndiyo.
Niliona haya wiki mbili, kisha nikazoea
kama mtu anavyozoea magongo.

Jumanne iliyofuata Anaeli hakuja.
Tulikaa. Chai ikapoa.
Nikaondoka bila kuuliza njia,
miguu yangu inaijua hata usingizini:
kile chumba karibu na stendi, pazia la zambarau,
dubwi linalolia kama mtoto mwenye homa.

Alikuwepo, sarafu za mia mbili mapajani.
Nisiseme uongo:
macho yangu yalikwenda kwenye taa kwanza,
kwake baadaye.
Mkono wangu mfukoni ulishaanza kuhesabu.
Nikautoa, nikauweka begani mwake.
"Chai imepoa," nikamwambia.
Sikuwa na lingine.

Akatumbukiza sarafu moja. Tukaitazama ikimezwa.
Kisha akainuka.

Hatukusemezana mpaka tulipovuka reli.
Mlima ulikuwa haujatoka wiki nzima,
mawingu tu, mazito kama mablanketi ya bwenini.
Anaeli akasema, bila kunitazama,
"Haujahama, lakini."
"Haujahama."

Walikuwa hawajaukunja mkeka.
Nakijwa akasogea upande wenye ncha mbovu,
Mringi akapuliza jiko.
Anaeli akatoa daftari kifuani, ndani ya shati,
akanipa mimi.
Alikuwa amefika siku mia tatu na kumi na moja.

Nikaandika jina lake, na mbele yake, kwa maneno:
moja.
Kalamu ilikwama, nikarudia.
"Karibu," akasema Nakijwa,
kama unavyomkaribisha mtu aliyeleta mvua mabegani.

Namba yangu ya siri nikaihamishia kwa Nakijwa
usiku uleule. Tunapendana, hatujawa wajinga.
Ya Anaeli akaninong'oneza mimi,
tarakimu nne,
mwaka aliozaliwa binti yake.