Mzima Asiyeitikiwa

Desmond Kowald anaingia dukani Jumanne
na vumbi la ngano kwenye nyusi,
anaiweka simu juu ya kaunta
kama mtu anayeweka yai.
"Iangalie," anasema. "Haina ugonjwa."

Naiangalia.
Kioo kina ufa mmoja, kona ya kushoto,
tangu ilipodondoka kutoka kwenye trekta
mwaka ule wa panya.
Betri aliibadilisha mwenyewe, kwa bisibisi ya miwani.
Kitufe cha sauti kimeshikizwa kwa gundi ya viatu.
Inawaka. Inapiga picha. Inajua saa.
Inamkumbuka kila mnunuzi wa kondoo
toka hapa mpaka bandarini.

Ila juu, pembeni,
palipokuwa na vijiti vinne,
pana kialama cha kukatazwa.

Namweleza kama nilivyofundishwa,
kwa karatasi iliyotoka makao makuu:
kwamba mnara wa kilimani umevuliwa mawimbi ya zamani,
umevikwa mapya;
kwamba masafa ni kama konde
(hapa nimeiacha karatasi)
huwezi kupanda shayiri na kulisha kondoo humo humo,
basi kampuni imeng'oa kilichokuwamo
ili watu wa Adelaide watazame mpira bila kukwama.
Kwamba simu yake inaweza kabisa kufungua intaneti,
lakini haikufundishwa kuongea kwa njia mpya,
na simu isiyoweza kupiga namba ya dharura
sasa hufungiwa nje.

"Hufungiwa nje," anarudia.
"Kwa usalama wangu."
"Kwa usalama wako."
"Basi juzi, lango liliponibana mguu,
na nyumba ya jirani iko kilomita tisa,
nilikuwa salama sana."

Sicheki. Anacheka yeye,
kisha anauliza bei ya ile iliyo kabatini.
Namtajia.
Anahesabu kwa vidole, midomo ikitembea:
"Kondoo saba, bei ya mwaka juzi.
Mwaka huu, kumi na wawili."

Kipya kinyemi, wanasema, kingawa kidonda.
Hiki si kinyemi. Ni kipana kuliko mfuko wa shati lake,
kinateleza kama samaki,
kinaomba kuusoma uso wake kabla hakijamwamini.
"Mimi ndiye niliyekinunua," anakiambia,
"unitambulishe wewe kwanza."

Kwa ile ya zamani nina sanduku chini ya kaunta,
la kadibodi, lililoandikwa kwa kalamu nene: ZA KUYEYUSHWA.
Zimo sitini na tatu.
Ya Noelene wa ofisi ya posta, yenye kava la maua.
Ya mwalimu Pfitzner, aliyelia kidogo, akasingizia mafua.
Hakuna iliyovunjika. Hakuna iliyochoka.
Zililala Jumapili zikiwa simu,
zikaamka Jumatatu zikiwa vioo.

Namnyooshea Desmond sanduku.
Anachungulia ndani kwa muda,
kama anayechungulia josho,
kisha anairudisha yake mfukoni.
"Tochi yake ni nzuri," anasema.
"Kwenye banda la kunyolea kuna giza."
Anaondoka na simu mbili,
moja kila upande, kama mtu aliyebeba ndoo.

Saa tisa na dakika kumi, duka likiwa kimya,
sanduku linaanza kuimba.
Napekua, napekua, mpaka chini kabisa:
ya nani hii, sijui, imebakiwa na chaji asilimia nne,
na kwenye kioo, kwa herufi kubwa za mzee:
MCHUKUE LACHLAN. USISAHAU KOFIA YAKE.

Haina mnara. Haina namba.
Haijui kwamba imeshaondolewa.
Kidole changu kiko juu ya neno "zima",
nami nasikiliza mlio wake mpaka unaisha wenyewe.